Vidole vya Maji Katika Pipa la Udhu

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika baada ya sala ya adhuhuri, na kalamu inateleza mkononi. Mola anisitiri. Leo asubuhi nimemwaga lita tatu za mafuta ya kula ndani ya pipa la udhu.

Niyaandike kwa utaratibu, maana utaratibu ndio pekee uliobaki. Pipa husimama mahali pa kutawadhia, nyuma ya msikiti, kimo cha kifua changu. Maji ya kisima chetu yana matope. Huingia pipani kwa juu kutoka tangini, hupenya mchanga, kisha hutoka chini kwenye bomba yakiwa safi. Mimi ndiye mtunzaji wa pipa hilo, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mchanga uliomo aliupanga marehemu mke wangu kwa mikono yake: kokoto chini, changarawe juu yake, mchanga wa chembe kubwa, kisha mchanga laini kabisa. Aliuchekecha siku nne. Mimi hukwangua ukoko wa juu kwa kijiko, basi. Matabaka yale hayajaguswa tangu mikono yake iyapange.

Ijumaa ijayo kamati itaamua kama pipa libaki au liondolewe, mahali pake iwekwe mashine ya kuchuja ya Fundi Bomba. Hoja kubwa ya Mwenyekiti ni mfuniko. Ni wa chuma, na unalia. Alisema mbele za watu kwamba juzi, akiwa amesujudu, aliusikia akadhani mbuzi kaingia msikitini. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Darasa la watoto nimeshapumzishwa. Adhana amepewa mwenye koo changa. Limebaki pipa, na kigoda changu kando yake. Likiondoka pipa, kigoda nacho kitakuwa cha nini?

Kwa hiyo niliazimia kuutibu mfuniko. Nilichagua mafuta ya kula, kwa kuwa ya injini ni uchafu na hapa ni mahali pa tohara. Nikafunga maji na kuliacha pipa likauke kwa juu, nizione bawaba vizuri. Nikaliweka dumu ukingoni, likiwa wazi. Nikaenda kutafuta unyoya wa kupakia. Niliporudi, nikaufungua mfuniko kwa nguvu, nisikilize unalia upande gani.

Mfuniko ukalisukuma dumu. Dumu likaingia kichwa chini. Likatoa sauti ya mtu anywaye kwa pupa baada ya safari. Kabla sijaweka unyoya chini, mchanga ulikuwa umemaliza kila kitu.

Nikalitoa dumu tupu. Nikazipaka bawaba kwa matone yaliyosalia. Nikafunga. Mfuniko haukulia. Hilo moja limefaulu.

Nimebandika karatasi: PIPA LINAPUMZIKA. Waumini watatumia ndoo kwa muda. Mzee mmoja ameniuliza pipa limechoka na nini. Nimemwambia umri.


Jumapili, 14 Septemba

Nimeamka na matumaini. Hoja yangu ilikuwa hii: mafuta yamekaa ndani ya mchanga, maji yakiingia kwa juu kwa kishindo yatayasukuma yote yatoke chini, kama watu wanavyotoka mlangoni wanaposukumwa na walio nyuma. Hoja safi. Sikuiona kasoro.

Nikafungua bomba la tangini mpaka mwisho. Nikaweka ndoo chini. Mafuta yakaanza kutoka, ya dhahabu, yakifuatana. Nikashukuru. Kisha, ghafla kuliko nilivyotarajia, yakatoka maji. Meupe, mazuri, hayana doa. Nikasema, Mola amenisitiri mja wake. Nikasali rakaa mbili za shukrani, nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Alasiri nimepima kilichomo ndooni. Mafuta hayafiki nusu lita.

Nimehesabu mara tatu. Ziliingia lita tatu, imetoka nusu. Maji yametoka ndoo kumi na nne. Yalipita wapi maji hayo, kama mafuta hayakuondoka? Nikarudi nikafungua tena, nikaongeza kasi, nikasimama juu ya kigoda nikamimina na ndoo ya pili kwa mkono. Yakatoka maji matupu. Nikafunga, nikangoja kidogo, nikafungua: duara za mafuta zikaelea ndooni kama macho yanayonitazama.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye anayefagia upande wa wanawake. Amepita na ufagio, akasimama, akauliza mbona ndevu zangu zinang'aa leo. Nimesema ni nuru ya ibada. Amesema nuru hiyo inanuka sambusa.


Jumatatu, 15 Septemba

Nimejishusha. Nimekwenda dukani kwa Fundi Bomba.

Huyu alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tohara, miaka mingi iliyopita, na alikuwa mtoto wa maswali. Nilipomfundisha kwamba maji ya udhu yasiwe yamebadilika rangi, ladha wala harufu, aliuliza je yakibadilika mawili na kubaki moja. Nilimsimamisha mguu mmoja. Sasa ana duka lenye mabomba hadi darini na mashine ile, imefunikwa nailoni, inangojea mahali pangu.

Nilimweleza kwamba kuna mtu mmoja ninayemfahamu, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyemwaga mafuta kwenye mchanga na sasa anataka kuyatoa. Fundi akauliza mtu huyo anaishi wapi. Nikasema mbali. Akauliza mafuta ya nini. Nikasema ya kula. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama ni mafuta yale yale yaliyoko kwenye kanzu yangu.

Nikamwambia ajibu swali.

Akachukua chupa kubwa ya kioo, akaijaza mchanga, akaulowesha kwa mafuta, akamimina maji juu. Akaniambia, "Tazama pembeni, Maalim, usitazame juu." Nikainama. Nikaona jambo ambalo sitalisahau. Maji hayakushuka kwa safu. Yalichipua kidole. Kisha kingine. Vidole vitano, vyembamba, vikashuka ndani ya mafuta, vikagawanyika vikawa vidole vya vidole, hadi kimoja kikagusa chini. Mara tu kilipogusa, vingine vyote vikasimama, na maji yote yakafuata njia ya kile kimoja. Mafuta yakabaki pande zote, yametulia, hayana habari.

Fundi akaeleza kwamba maji ni mepesi kutiririka na mafuta ni mazito. Mwepesi akitumwa kumsukuma mzito, hamsukumi. Hutafuta upenyo ampite. Na penye upenyo kidogo ndipo patakapopitwa zaidi. "Na ukiongeza nguvu, Maalim, unaongeza vidole tu. Ukimwaga kwa hasira ndiyo basi tena." Nikauliza nani kasema habari ya hasira. Akasema anamzungumzia yule mtu wa mbali.

Nikauliza dawa. Akasema ni rahisi: atoe mchanga wote, auoshe kwa sabuni na maji moto, aurudishe. Nusu siku. Yeye mwenyewe angekuja kusaidia.

Nikamwambia mtu huyo hawezi. Mchanga ule haugusiki. Na ningeeleza nini nikionekana uani na mchanga wa marehemu umetandazwa juani kama nafaka?

Kisha akasema, kama mtu anayetania, kwamba basi labda asukume kwa kitu kizito kuliko mafuta, kitakachoshuka kwa safu bila kutoa vidole. Kama uji.

Alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.


Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Shemeji kuazima sufuria kubwa la shughuli. Nimesema nina kazi ya kheri. Amesema, "Shemeji, wewe chai unaiunguza, utapika nini cha watu hamsini?" Nimesema uji. Ameuliza nani mgonjwa. Nimesema wengi. Sikusema uongo; mimi mwenyewe sijiwezi.

Nikapika uji wa wanga, mzito, usio na sukari wala chumvi. Kijiko kilisimama ndani yake. Nikausubiri upoe, nikaumimina pipani kidogo kidogo, nikafunika, nikakaa kigodani na tasbihi.

Niandike kwa haki: ulifanya kazi. Mafuta yalishuka mbele ya uji kama waumini wanaonyoosha safu. Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki. Bomba la chini lilitoa mafuta matupu, tone kwa tone, kisha utepe, mpaka ndoo ikawa na lita mbili na robo. Nilitokwa na machozi. Nilijiona kama mtu aliyesoma kitabu kimoja na kuelewa maktaba nzima. Nikafikiri niende kumwambia Fundi kwamba mwalimu bado ni mwalimu.

Baadaye bomba likaanza kutoa uji.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba pipa la udhu sasa limejaa uji, kutoka mchanga laini hadi kokoto.

Nikajipa moyo. Uji ni wa wanga, na wanga huoshwa kwa maji. Nikafungua maji ya tangini, taratibu kidogo. Yakatoka maji masafi mapema mno. Nikajua. Sikuhitaji chupa ya kioo. Niliviona vidole vile ndani ya pipa kwa macho ya moyo, vikipita katikati ya uji bila hata kuusalimia.

Nimemwondoa mgeni mmoja kwa kumkaribisha mwingine mnene zaidi.


Jumatano, 17 Septemba

Fundi alisema nguvu huongeza vidole. Basi upole utavipunguza. Hiyo ndiyo hoja ya leo. Mimi nimefundisha subira kwa miaka arobaini. Nani anifundishe upole?

Nimefungua maji yaingie tone moja moja. Nimekaa kigodani nikaanza uradi wangu. Nia yangu ilikuwa kumaliza tasbihi elfu moja bila kugusa bomba. Kwenye ya thelathini na tatu nimesimama kutazama. Kwenye ya sitini nimefungua kidogo tu, kusaidia. Kwenye ya tisini na tisa nimefungua mpaka mwisho. Yametoka maji safi, na uji umebaki.

Jua limekuwa kali. Uji ndani ya pipa umeanza kuchacha. Nilipofungua mfuniko (haulii, namshukuru Mola) ikatoka pumzi iliyonirudisha nyuma hatua tatu. Nikayakinga maji ya chini kiganjani, nikajifanyia mtihani niliokuwa nikiwafanyia watoto. Rangi imebadilika. Ladha imebadilika. Harufu ndiyo imebadilika kupita zote. Mafuta yangekuwa afadhali. Mafuta hukaa kando ya maji, hayachanganyiki nayo, na mwenye elimu angeweza kuyajadili. Uji umeingia ndani ya maji yenyewe. Maji ya uji hayaitwi tena maji. Mtu hatawadhi kwa chakula.

Nimewaza kitu kizito kuliko uji, cha kuusukuma uji. Asali. Nikawaza, na asali itasukumwa na nini? Nikapata jibu, na baada ya jibu hilo swali likawa lile lile. Niliipanda ngazi hiyo kwa mawazo hadi nikafika kwenye lami, ndipo nikashuka.

Shemeji ameleta pua yake. Amesema mahali hapa pananuka kama mtu kasahau togwa tangu mwaka jana. Ameuliza tena habari ya sufuria lake. Nimemwambia linapumzika.


Alhamisi, 18 Septemba

Mwenyekiti amekuja kuaga pipa, ingawa yeye amesema amekuja kulikagua. Ni mtu mpana, mwenye bakora, aliyekuwa mkuu wa ghala, na bado hutazama kila kitu kama kitu cha kuhamishwa. Amesema kesho kabla ya sala ya Ijumaa atatawadha yeye mwenyewe kwenye pipa hili, mbele ya kamati na waumini. Likitoa maji safi, na mfuniko usipolia, atanyamaza. Likishindwa, mashine itafungwa Jumamosi. Nimesema inshallah.

Nimekaa kigodani muda mrefu, nikiwa nimekata tamaa kabisa. Kisha, katikati ya kukata tamaa, ikanijia hila. Naiandika kwa aibu, lakini ni hila nzuri.

Vidole vile vilivyonitesa vinaweza kunihudumia. Maji yameshajichongea njia ndani ya uji. Maadamu yanapita katika njia hiyo tu, hayagusi uji, yanatoka safi. Basi niyaache yapite asubuhi yote bila kufunga, njia ioshwe na kutakata, nisilitikise pipa, nisikohoe karibu nalo. Mwenyekiti atatawadha ndani ya kidole kimoja cha maji, na atakwenda zake. Baada ya Ijumaa nitaona la kufanya.

Nimejaribu. Ndoo sita zimetoka safi, hazina harufu. Nimeweka pilipili manga na majani yenye harufu nzuri kuzunguka pipa, kwa ajili ya pua za watu.

Je, huu ni udanganyifu? Nimelitafakari swali hilo kwa kina. Atakayetawadha atapata maji safi, kwa hiyo udhu wake ni sahihi. Hakuna atakayeniuliza kama pipani mna uji. Nami sikuulizwa, sikusema. Moyo wangu haukuridhika na jibu hili. Nikauambia nao usubiri mpaka Ijumaa ipite.


Ijumaa, 19 Septemba

Nimeaibika mbele ya safu nne za watu. Naandika yote.

Maji yalikuwa yakipita tangu alfajiri. Waumini wakajaa. Kamati ikasimama. Fundi Bomba naye alikuja, amevaa nguo za Ijumaa, akaniamkia, "Shikamoo, Maalim," akalitazama pipa, akavuta pumzi puani, akanitazama mimi. Nilifungua na kufunga mfuniko mara mbili, watu wote wasikie ukimya wake. Mzee mmoja alisema, "Mbuzi kachinjwa." Watu wakacheka, safari hii kwa upande wangu.

Mwenyekiti akakunja mikono ya kanzu. Akainama. Maji yakamwagika viganjani mwake, meupe, baridi. Akayanusa. Akasukutua. Akatikisa kichwa, nikaona kwamba ni kwa kuridhika. Nikamshukuru Mola kimoyomoyo, nikaahidi mambo mengi.

Kisha yule mtu, akiwa na furaha na mimi, akataka kuonyesha furaha yake. Akainua bakora. Akaligonga pipa ubavuni mara tatu, kama mtu anavyompiga rafiki begani, akisema, "Zee hili bado lina nguvu."

Nilisikia ndani ya pipa kitu kikiporomoka taratibu. Njia ilikuwa imeziba.

Maji yakakatika. Bomba likakoroma. Likatoa tonge. Kisha ukaja uji, umechacha, umechanganyika na mafuta yaliyokuwa yamejificha siku zote hizi, ukajaa viganja vya Mwenyekiti, ukapanda hadi viwiko, kwa sababu naye alikuwa ameshafumba macho na alikuwa akijipaka.

Mtu wa nyuma akauliza kama leo tunatawadha au tunafuturu.

Fundi Bomba akasogea, akainama sikioni mwangu. Alisema polepole, na hakukuwa na kebehi sautini mwake, jambo lililoniumiza zaidi: "Maalim, haya bado yanaitwa maji?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimeshapata la kusema. Ningesema kisima kimeharibika. Sentensi ilikuwa tayari, imepangwa vizuri. Ndipo sauti ya Shemeji ikaja kutoka upande wa wanawake, juu ya ukuta, watu wote wakiisikia: "Shemeji, kama uji umeshaiva, nirudishie sufuria langu."

Nikasema ni mimi. Nikasema yote, kutoka unyoya hadi bakora. Mwenyekiti alinawa kwa ndoo saba. Sala ilichelewa. Hotuba ilikuwa juu ya ukweli. Nilitazama mkeka kutoka mwanzo hadi mwisho wake.


Jumamosi, 20 Septemba

Hawakuleta mashine. Wameleta mikeka, majembe mafupi na mabeseni. Fundi Bomba ndiye aliyewaleta. Alisema pipa lisihukumiwe kwa uji.

Nilisimama mbele ya pipa nikalikumbatia. Nawaandikia wasiojua unyonge: mtu mzima, mwenye mvi, amekumbatia pipa uani. Niliwaambia mchanga huu haujaguswa tangu mikono ya marehemu. Niliwaambia hakuna anayejua matabaka yake yalivyopangwa, wakiutoa hautarudi kama alivyouacha. Watu waliinamisha vichwa. Fundi aliweka jembe chini.

Shemeji akapita katikati ya wanaume, akanishika mkono kama anayemvusha mtoto barabara, akaniketisha kigodani. Akasema nisikilize bila kumkatiza, kwa kuwa amebeba jambo hili muda mrefu na limemchosha.

Akasema dada yake aliosha mchanga huu mara tatu.

Mara ya kwanza nilikuwa nimedondosha taa ya mafuta ndani. Nilidhani mafuta yalikuwa yamekwisha. Mara ya pili lilikuwa dumu, kama hili, kwa mfuniko huu huu. Nilifunika nikaenda safari ya siku mbili, niliporudi maji yalikuwa safi, nikasema Mola ana rehema. Mara ya tatu dada alikuwa ameshaanza kuumwa. Yeye alichekecha akiwa amekaa, Shemeji akabeba mabeseni. Walikuwa wakifanya wakati mimi niko darasani nikifundisha tohara.

Nikasema haiwezekani, siku zile mke wangu alikuwa akienda kumwuguza shangazi yake. Nakumbuka vizuri. Kila alipokwenda nilimwombea shangazi yule dua ndefu, apone.

Shemeji akasema shangazi hajawahi kuugua hata mafua. Bado yu hai. Anapanda ngazi mbili mbili.

Wakautoa mchanga. Ndani ya pipa, ubavuni, Fundi akaona mistari. Akaniita nitazame. Ilikuwa mistari minne imechorwa kwa ncha ya kisu, mmoja juu ya mwingine: kokoto zifike hapa, changarawe hapa, chembe kubwa hapa, laini hapa. Mkono ulikuwa wake, ule wa kuchora kidogo upande. Alijua nitamwaga tena. Alijua siku moja hatakuwepo. Akaweka alama.

Nilikaa ndani ya kivuli cha pipa tupu.

Kufikia adhuhuri mchanga ulikuwa umeoshwa, umekauka, umerudi, mstari kwa mstari. Maji yalitoka safi. Fundi aliyaonja wa kwanza, akawaambia kamati kwamba mashine yake haiwezi kuyashinda haya, na kwamba yeye hana haraka. Mwenyekiti, ambaye bado ananuka kwa mbali, alitoa hukumu: pipa linabaki, nami nabaki nalo, kwa sharti moja. Mafuta ya aina yoyote yasikanyage ua huu. Mfuniko ulie utakavyo.

Nimekubali. Nimetubu kwa kila nilichokifanya, jambo kwa jambo, na orodha ilikuwa ndefu. Najiona mtu mpya.


Jumatano, 24 Septemba

Mfuniko umeoshwa kwa sabuni siku ile pamoja na mchanga. Sasa unalia kuliko zamani. Leo katika sala ya asubuhi umelia mara mbili, na nilihisi bega la Mwenyekiti likitikisika kwa kicheko kando yangu.

Nimeyatafakari yaliyotokea kwa utulivu, kama inavyompasa mtu aliyefunzwa na Mola. Najua sasa kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa wepesi wa mafuta. Yalikuwa mepesi, ndiyo maana yalikimbilia mchangani kabla sijayawahi. Fundi mwenyewe alisema, kitu kizito hutembea polepole. Mafuta mazito kabisa, hata yakimwagika, nitayawahi na kijiko.

Nimeyapata. Ni ya nyonyo, meusi, yanatoka chupani kama mtu asiyetaka kuamka. Nimejaza dumu, kwa kuwa bawaba ni mbili na mlango wa ua nao unalia.

Sharti la kamati nitalitimiza kwa herufi zake zote. Mafuta yasikanyage ua. Basi dumu litakaa juu ya ukuta, na ukuta si ua. Nimelirejea jambo hili vitabuni. Nimepima ukuta upande ule ulipo juu ya pipa, una upana wa kutosha. Karibu wa kutosha. Nitafanya kesho asubuhi. Unyoya ninao tayari.

Nilipokuwa nikipita na dumu nimekutana na Shemeji. Hakuuliza kitu. Amelitazama dumu, akautazama ukuta, akalitazama pipa. Kisha ameniomba radhi kwamba Ijumaa asubuhi hataweza kufagia. Ana udhuru. Anakwenda kumwuguza shangazi yake.

Nimesikitika sana. Mama wa watu, na juzi tu nilisikia kwamba anapanda ngazi mbili mbili. Nimemwombea dua ndefu, apone.